Farasi Asiyeshtuka

Zizini, chumba cha chakula cha farasi
Ijumaa, saa tisa alasiri

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Shemeji naye naamini mgongo wake haujambo, na kama bado anabeba magunia peke yake ili majirani wamwone, mwambie mimi nimeshamwona, sasa apumzike. Kwa upande wangu mwili ni mzima, ila chakula hakipandi na usingizi unakuja kwa kuibiaibia. Usihangaike kunitafutia dawa, ugonjwa wenyewe naujua na utausoma humu.

Kabla sijafika mbali, dada, mwite mpwa wangu umwambie asimpande Kipusa asubuhi hii ya Jumamosi. Asimpande hata kwa kumzungusha uwanjani tu. Akiuliza kwa nini, mwambie mjomba amekataza. Akinuna, mwache anune, ana miaka kumi na mitatu na kununa ndiyo kazi yake. Halafu ukae chini usome mpaka mwisho, usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka kurasa za gazeti. Wakaguzi watafika kwako saa nne, na dereva wa lori la majani makavu ameniapia kwamba kabla ya saa mbili atakuwa ameshapiga honi getini kwako.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, dada. Jumapili ulipokea mwenyewe, sauti yako ikiwa na furaha, nikajikuta nauliza habari za mvua. Ukacheka, ukaniuliza tangu lini mimi nikapiga simu ya mbali kwa ajili ya mvua. Jumatano asubuhi akapokea mpwa wangu, akanieleza jinsi alivyomsuka Kipusa nywele za shingoni misuko kumi na saba bila kusaidiwa na mtu. Nikamsifu, nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo. Tangu jana simu yako haipatikani, nadhani umeisahau tena kwenye mfuko wa aproni mpaka chaji imeisha. Nimetuma ujumbe mfupi wa kukataza, lakini sina hakika kama umefika. Na hata ungepokea, sijui kama ningeweza kusema, maana tangu utotoni nikidanganya nashika sikio, na wewe ndiye uliyenilea ukinivuta sikio hilohilo. Sauti yangu nayo unaijua vilevile.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Bwana Harusi amestaafu. Unakumbuka jina hilo tulimpa kwa utani, kwa sababu kila siku ya mashindano alitoka bandani amesukwa, amepakwa mafuta kwatoni, anatembea kana kwamba watu wote wamekuja kwa ajili yake. Miaka kumi nimempanda kwenye mashindano ya mwendo. Shemeji mpaka leo anauliza ni mashindano gani hayo ambayo farasi hakimbii wala haruki, anachezacheza tu kwenye mchanga, anakwenda upande upande, anageuka pale pale alipo, na mpandaji juu yake kama hafanyi kitu. Mwambie kazi yote iko hapo kwenye kama hafanyi kitu. Waamuzi wanatafuta farasi anayemsikiliza mtu wake kuliko anavyoisikiliza dunia.

Kiungo cha mguu wake wa nyuma kimekakamaa, na ana miaka kumi na sita. Mwezi uliopita tulimwingiza uwanjani mara ya mwisho, nikashuka mbele ya watu, nikamvua tandiko, nikatembea naye mpaka nje huku wakipiga makofi. Nililia, sioni haya kukuambia. Bosi wetu hakulia. Yule mama ni mtu wa haki lakini hana mzaha, na jioni ileile aliniita ofisini akanieleza bila kuzunguka kwamba banda la farasi asiye na kazi ni banda lililokufa. Alisema ataita jopo la wakaguzi wamtazame kama anafaa kuwa dume la mbegu. Wakimkubali, atahamia kwenye zizi la uzalishaji na mimi nitakwenda naye, tuzeeke wote huko. Wakimkataa, atamwita daktari aje na sindano. Niliwahi kumwona akimfanyia hivyo farasi mwingine, asubuhi ya kawaida tu, na mchana akala chakula chake vizuri.

Basi Jumanne wakaja. Mwenyekiti wao ni mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na hakosei chochote kuhusu miguu. Walimpima kimo, wakampapasa viungo, wakamsimamisha juu ya saruji na kumtazama kutoka mbele na nyuma. Daktari wao alichukua mbegu akaiangalia kwenye darubini, akasema angependa vijana wengi wawe na afya ile. Wote tukacheka. Mwenyekiti alimwambia Bosi kwamba nishani za ukutani haziwahusu sana, kwa sababu nishani hairithiwi. Wao wanataka kujua farasi ataacha nini kwa watoto wake, na katika vyote vinavyorithiwa, alisema, yeye huthamini tabia kwanza. Farasi mzuri mwenye woga anavunja watu shingo.

Halafu wakampima tabia. Walifungua mwavuli mwekundu mbele ya uso wake. Wakakunjua turubai la manjano kwenye njia yake, taratibu, bila kelele. Mmoja akanyanyua bendera ghafla kutoka nyuma ya pipa. Farasi wengine wote waliopimwa mwaka huu waliruka, mmoja alimburuza mtu mpaka kwenye uzio. Bwana Harusi hakutingisha hata sikio. Mwenyekiti alivua miwani, akavaa ile nyingine, akaandika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona dume lenye utulivu wa namna hii, na kwamba ni sifa ya kutafutwa katika uzao. Bosi alinishika bega, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Dada, hakushtuka kwa sababu hakuona. Bwana Harusi ni kipofu. Jicho la kulia lilikufa akiwa na miaka tisa, la kushoto likamalizika akiwa na kumi na tatu, na hakuna anayejua hapa zizini isipokuwa mimi. Ugonjwa wenyewe unakula nyuma ya jicho, kwa nje linabaki jeusi, linang'aa, hata watoto wanaokuja kumtembelea wanasema anawatazama.

Mwanzoni sikuelewa. Nilichoona ni kwamba farasi aliyekuwa anaruka kila akiona ua la plastiki kando ya uwanja alianza kutulia. Nikajisifu, nikadhani mafunzo yangu yameingia. Waamuzi wakazidi kunipa alama za utiifu, na kadiri macho yake yalivyokufa ndivyo alama zilivyopanda. Ushindi wetu mkubwa kuliko wote, ule ambao wewe ulikata picha yake gazetini ukaibandika jikoni, aliupata akiwa haoni hata uzio. Alikuwa ananisikiliza mimi kwa sababu hakubakiwa na kitu kingine cha kusikiliza.

Nilipogundua, nikapanga maisha yake yasibadilike. Ndoo iko kushoto, haijawahi kuhama hata kwa kiganja kimoja. Nikiingia bandani nasema neno kwanza, namgusa bega, ndipo natembea. Kutoka mlangoni mpaka uwanjani ni hatua sitini na mbili na anazijua kuliko mimi. Wenzangu wanasema nimekuwa mzee wa masharti, wananitania kwamba ningeoa mke ningemhesabia hatua. Mimi nacheka nao.

Na macho wakati wa ukaguzi? Daktari wao alifanya wanavyofanya wote, akapitisha kiganja mbele ya jicho aone kama farasi atajitingisha. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya kichwani. Kiganja kilipopita nilivuta kwa kidole kimoja, kidogo tu, chini ya kidevu ambako hakuna anayetazama, na Bwana Harusi akarusha kichwa kama farasi yeyote mwenye macho yake. Daktari akaenda upande wa pili, nikavuta tena. Akaandika kwamba macho ni mazima. Nimeufanya ujanja huo kwa miaka, dada, kidole chenyewe kimeshauzoea, hakinisubiri tena niamue.

Nilikuwa nimejipangia kwamba siri hii itazeeka pamoja nasi. Lakini Jumatano mchana akaja mtunzaji wa zizi la uzalishaji kumzoea farasi kabla ya safari. Ni mtu mwema, mkimya mno, hata vijana wa hapa walishampa jina la Bwana Kimya kabla hajamaliza chai. Nilimweleza kwamba aseme kwanza kabla ya kuingia. Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaenda kuchukua maji. Yeye amezoea kuingia kwa farasi kimyakimya, miaka yake yote, kwa sababu farasi wake wanamwona. Akaingia, akaweka mkono kwenye paja la Bwana Harusi.

Nilisikia kishindo kwenye ukuta wa mbao, nikaacha ndoo nikakimbia. Farasi alikuwa amegeuka na kumbana kwenye kona kwa uzito wake wote, anatetemeka, masikio yakizunguka kutafuta nani amemgusa. Nilipoita jina lake akamwachia, yule mtu akaanguka. Mbavu nne zimevunjika na pafu limeguswa, yuko hospitali, wanasema atapona. Nilikwenda kumwona jana, akanishika mkono akaomba radhi kwa kumtisha farasi wangu. Niliinama nikafunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa. Hapa zizini kila mtu anasema dume ni dume, limesikia harufu ya majike tu. Bosi amekubali hivyo hivyo. Majike ishirini na mawili yameshaandikishwa kuletwa kwake.

Sasa nifike kwako, maana najua umeshaanza kumwangalia Kipusa dirishani.

Kipusa ndiye mtoto pekee wa Bwana Harusi. Ulileta jike lako hapa mwaka ule wa ushindi wetu wa kwanza, na Bosi akaniruhusu mara moja tu, kama zawadi. Nilifurahi kuliko wewe. Wakati ule macho yake yalikuwa hayajaanza kuniletea mashaka, hilo naapa. Lakini Kipusa alipokuwa na miezi sita, daktari wetu wa zamani, yule mzee aliyestaafu akahamia kwa watoto wake, alimtazama Bwana Harusi kwa taa yake ndogo akaniita pembeni. Aliniambia jicho la kulia limekwisha na la kushoto litafuata. Alisema alimtibu baba yake, na babu yake pia, na wote walianza katika umri wa miaka saba au minane. Ni kitu cha damu. Akanitaka nimwambie Bosi mwenyewe, kwa sababu aliniamini. Mzee wa watu alikosea hapo tu.

Wiki ileile nilipanda basi kuja kwako. Utakumbuka nilifika bila taarifa, ukanitania kwamba nimefukuzwa kazi. Nilikuja kukwambia mtoto wa farasi asikuzwe kwa ajili ya kupandwa. Nikaingia bandani nikamkuta mpwa wangu, ana miaka sita wakati huo, amelala kwenye majani na mkono wake shingoni kwa Kipusa, wote wawili wanakoroma. Ukaja nyuma yangu ukaninong'oneza kwamba tangu mtoto apate yule farasi hajaota tena ndoto mbaya. Nikasema vizuri sana. Nikala, nikalala, nikarudi. Kila mwaka nikajiambia huenda hakurithi, huenda damu ya mama yake imeshinda.

Halafu mwezi uliopita ikaja barua yako. Uliandika kwa furaha kwamba Kipusa amekua, amepata akili. Yule aliyekuwa anaruka akiona mfuko wa plastiki siku hizi hashtuki tena, wala kwa nguo kwenye kamba, wala kwa mbwa wa jirani akilala njiani. Uliandika kwamba mpwa wangu anasema farasi wake ameiva. Nilisoma hapo, dada, nikaenda kuulizia basi la kuja kwako. Wewe ulidhani unaniletea habari njema.

Nilikuja, kama unavyojua. Nilisema nimekuja kumwona kwa ajili ya wakaguzi. Sasa ninakwambia nilichofanya siku ile, na mkono wangu wa kushoto uko juu ya karatasi, hauko sikioni.

Shemeji alikuwa na mashaka. Mume wako si mtu wa farasi lakini ana macho, na alikuwa amemwona Kipusa akijikwaa kwenye toroli upande wa kulia mara mbili. Akaniambia yeye haelewi, lakini je, haiwezekani jicho lina tatizo? Nikamjibu tujaribu. Mimi nikashika kamba. Shemeji akapitisha mkono wake mkubwa mbele ya jicho la kulia la Kipusa, na Kipusa akarusha kichwa. Shemeji akapumua, akacheka, akasema basi ni uzembe wa mwendo tu. Mpwa wangu alikuwa amekaa juu ya uzio anatazama, akapiga makofi.

Ni mimi niliyevuta kamba, dada. Kabla ya hapo, mlipokuwa ndani mnaandaa chai, nilikuwa nimeshajaribu peke yangu bila kamba, na hakupepesa. Nilijua. Nikavuta kwa sababu kama mtoto ana ugonjwa basi baba yake hana thamani, na kama hana thamani ataletewa sindano. Kisha nikamgeukia mpwa wangu, nikamwambia farasi wake ameiva. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu, yeye yupo, wewe umeshika sinia.

Na Jumanne Mwenyekiti amemwambia Bosi kwamba kabla ya kutia sahihi anataka kumwona mtoto wa dume hili akipandwa nje ya uzio, mahali wazi, aone utulivu wake. Juzi Bosi akamwuliza mpwa wangu kwa simu ni njia gani nzuri. Mtoto akachagua ile inayopita juu ya machimbo ya mawe ya zamani, kwa sababu ndiko kunakoonekana vizuri. Wakienda hivyo, shimo litakuwa upande wa kulia. Nilipata habari hii leo saa sita mchana.

Ningekuja mwenyewe na lori. Lakini kesho asubuhi gari linakuja kumpakia Bwana Harusi, Bosi hasubiri hata hiyo sahihi, na nikiondoka hakuna mwingine wa kuingia kwake bila kuumizwa. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba naogopa uso wako.

Sasa nisikilize vizuri. Mtoe Kipusa nje, mvue kamba, asiwepo mtu wa kumshika. Usiseme neno. Simama upande wake wa kulia, upitishe kiganja polepole usimpelekee upepo, kisha ufanye hivyo kushoto. Akipepesa macho yote mawili, ichome barua hii, uniite mwongo, na mimi nitashukuru. Asipopepesa, sema jina lake, mguse bega, umrudishe bandani. Ndoo yake ikae kushoto, isihamishwe. Yeye hana kosa lolote.

Na kama lori limechelewa, mpwa wangu ameshapanda na wamekwisha shika njia ya machimbo, usipige kelele wala usiwakimbilie. Kelele itamgeuza bila kujua anageukia wapi. Simama mahali palipo wazi, mbali na ukingo, umwite Kipusa kwa sauti ya kawaida, kama unamwita kula, urudie bila haraka mpaka afike. Ndivyo ninavyomrudisha baba yake. Atakuja, dada. Wanakuja kila mara, kwa sababu hawajawahi kufikiri kwamba tunaweza kuwadanganya.

Dereva amemaliza kupakia, anagonga mlango, anasema ninaandika kitabu. Nikishampa bahasha hii nakwenda ofisini kwa Bosi kumweleza yote, naye ataamua kuhusu mimi na kuhusu Bwana Harusi. Huyu farasi nimempitia bandani sasa hivi. Nilisema neno mlangoni kama kawaida, akageuza kichwa, akaja mpaka kifuani kwangu.

Shemeji nisalimie, umwambie alikuwa sahihi kuhusu toroli. Majirani wote salamu zao ziwafikie. Mpwa wangu usimpe salamu zangu mpaka awe ameshashuka, miguu yake yote miwili iko chini.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeshika kamba.